Inazima kwa Rodi

Inspekta Ngendo aliamka akiwa amechoka, akaoga akiwa amechoka, na alipofika uani mwa kituo, ukungu wa Nyeri ukiwa bado haujaachia paa za mabati, alikuwa amechoka kiasi cha kutamani kustaafu siku hiyo hiyo. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulalamika tangu ngazi za nyumbani. Mbele yake lilisimama gari lililomtia taabuni.

Lilikuwa kempa, gari la zamani la kulalia safarini, lenye kitanda, jiko dogo na friji ndani, na bamba la sola juu ya paa. Umri wake ulimzidi koplo aliyewekwa kulilinda. Lakini lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani, nje na ndani, likang'aa katikati ya yale magari mabovu ya uani kama bibi harusi aliyekosea kanisa.

"Madam, hii kesi imeiva," alisema Koplo Moffat. Alikuwa kijana wa Karatina, mchapakazi, mwenye haraka ya kupandishwa cheo.

"Imeivia wapi? Nieleze polepole. Sijanywa chai."

Moffat alieleza, ingawa polepole hakuijua. Mzee Gicheru wa Tetu, mkulima wa chai, alikuwa na mapafu mabovu. Usiku hakulala bila mashine ya kumpa oksijeni. Ujanani aliendesha kombaini ya kuvunia katika mashamba ya ngano ya Timau, na sasa alitaka kuiona ngano ile mara moja tena kabla ya kufa. Binti yake Njoki akamwandalia kempa. Dereva wa mzee, Harun, akampeleka. Njiani wakapiga kambi juu ya Naro Moru, na usiku ule mashine ikazima. Harun akamkimbiza mzee hospitali, mzee akakata roho kabla ya kufika.

"Sasa sikiza," Moffat aliendelea. "Asubuhi yake nilipima betri mimi mwenyewe. Iko full. Nikaita fundi wa pale Naro Moru, yule Peterson. Akajaribu jaribu, akaniambia betri iko sawa, hii kitu inazima kwa rodi peke yake. Kwa rodi, madam! Na gari ilikuwa imepaki kambini. Haikuwa kwa rodi. Kwa hivyo mashine ilizimwa na mtu. Na mtu mzima pale alikuwa mmoja."

"Sababu?"

"Mzee alisema mbele ya watu, siku akifa gari ni ya Harun. Njoki ametuambia. Na hii tulitoa chini ya kiti yake." Akainua mfuko wa plastiki wenye spana ndogo.

Ngendo aliitazama ile spana bila hamu. Kesho asubuhi Harun angefikishwa kortini kwa shtaka la kuua, na mkubwa wao alitaka faili mezani leo, ikiwa na sahihi ya Ngendo. Sahihi yenyewe ni kazi ya dakika moja. Ila nje ya lango alikuwa amempita mama mmoja aliyejifunika leso, ameketi juu ya jiwe na chupa ya chai mapajani. Alikuwa Mama Chiku, mamake Harun. Hakulia wala hakumwomba chochote, alimwamkia tu. Ngendo angependa zaidi kama angelia.

"Niletee Harun," alisema.

Harun alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waswahili hapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wote pale kituoni. Alikaa mezani akiwa amejikunyata kwa baridi ya seli.

"Nimeshaeleza mara nyingi, madam."

"Mimi hujanieleza."

Harun alivuta pumzi. "Jioni niliwasha mashine, ikafanya kazi vizuri. Mimi nikalala kiti cha mbele. Usiku nikasikia lile boksi la inveta, lile linalogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, linalia. Piii. Kuamka, mashine imenyamaza. Nikabonyeza, ikawaka. Mzee akanitazama. Ikazima. Nikabonyeza tena. Ikawaka, ikazima."

"Mara ngapi?"

"Madam, nilikuwa nahesabu?"

Jibu hilo lilimpendeza Ngendo kwa sababu waongo aliowajua walihesabu vizuri sana.

"Betri ilikuwa na chaji," alisema.

"Najua. Taa ya juu ilikuwa inawaka, nyeupe kabisa. Hilo ndilo linalonimaliza mimi hapa ndani. Taa inawaka, mashine haiwaki. Nikaona naharibu wakati. Nikamfunga mkanda kitini, nikaondoka mbio."

"Na spana?"

"Ya kukaza keria ya juu. Kuna dereva asiye na spana?"

"Na kuahidiwa gari?"

Kwa mara ya kwanza Harun alitabasamu, tabasamu la kuumia. "Mzee alikuwa anasema hivyo Njoki akiwa anasikia, amchokoze tu. Njoki akikasirika, mzee anacheka mpaka anakohoa. Wewe hukumjua mzee yule."

Ngendo hakumjua, na alijikuta akisikitika kutomjua. Aliagiza Harun apewe blanketi la pili na chai ya mama yake, kisha akatuma fundi aitwe.

Peterson alifika karibu na saa sita, ameloa, amepakiwa kwenye bodaboda, begi la vifaa kifuani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kusemasema, na kuitwa na polisi kulimfanya aseme zaidi. Alianza kujitetea kabla ya kushuka.

"Madam, mimi hiyo gari sikuharibu chochote. Koplo aliniambia nicheki, nikacheki, akaniambia niende. Nikaenda."

"Hakuna aliyesema umeharibu. Ulimwambia koplo kwamba mashine inazima gari likiwa barabarani?"

"Barabara?" Peterson alimtazama Moffat, akamrudia Ngendo. "Barabara gani? Mimi barabara nimetaja saa ngapi?"

"Si ulisema inazima kwa rodi!" Moffat alidakia.

"Ndio, kwa rodi! Rodi! Ukiiwekea kitu ya kuvuta stima. Mzigo, madam. Bila mzigo betri inaonyesha iko fiti, ukiweka rodi inaanguka. Ati barabara! Gari ikiwa imesimama hapa na barabara iko pale, ni nini mbaya na wewe?"

Watu wa Mlima Kenya huchekwa nchi nzima kwa ulimi wao. Wakitaka kulala husema wanarara, na chakula wanakikura. Ngendo mwenyewe alichekwa alipokuwa kurutu hadi akajifunza kuzungumza polepole. Fundi alitaka kusema lodi, yaani mzigo wa umeme kwa Kiingereza, akasema rodi. Moffat, ambaye ulimi wake ni huo huo na ambaye kwake lodi na rodi ni neno moja, alisikia barabara. Na kwa herufi hiyo moja mtu alikuwa amelala seli siku zote hizo.

Moffat alikuwa ametazama viatu vyake. "Lakini, madam, angesema mzigo."

"Na wewe ungeuliza," alisema Ngendo. Hakupaza sauti. Hata hasira alikuwa amechoka kuibeba. "Toa ile mashine stoo."

"Hiyo ni exhibit ya korti, madam."

"Nitatia sahihi. Toa."

Waliiweka mahali ilipokuwa usiku ule, kando ya kitanda, wakaichomeka kwenye inveta. Peterson aliweka mita kwenye betri: volti kumi na mbili na nusu na ushee. Moffat alichungulia, akaitikia kwa kichwa kana kwamba namba ile ilikuwa shahidi wake. Kisha Ngendo akabonyeza kitufe.

Mashine iliamka na kuanza kuvuta pumzi, taratibu, fuu, fuu, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Wakasubiri. Friji nayo ikanguruma, ikaanza kazi yake. Hapo inveta ikalia, piii, na ile pumzi ikakatika.

Moffat alinyoosha kidole akabonyeza mwenyewe, bila kuambiwa. Ikawaka. Ikazima. Akabonyeza tena. Taa ya juu ilikuwa inawaka, nyeupe kabisa. Koplo alishuka garini akaenda kusimama ukutani, na Ngendo akamwacha.

"Ni inveta," Peterson alitangaza. "Inveta za siku hizi ni takataka. Nunua ingine, mambo imeisha."

"Usiniambie takataka. Pima."

"Nipime nini na nimekuambia?"

"Peterson. Mtu akiniambia fulani ndiye mwizi, huwa namshukuru, halafu nawauliza wote walio katikati. Betri inatuma kumi na mbili. Inveta inapokea ngapi, mzigo ukiwa umewekwa?"

Peterson alinung'unika, akapima mlangoni mwa inveta huku mashine ikiwashwa upya. Ilikuwa kumi na ushee, na ikiteremka.

"Karibu volti mbili imepotea njiani," alisema kwa sauti nyingine. "Basi inveta haina makosa. Inaona stima ni kidogo, inajifunga."

"Zimepotelea wapi?"

"Ni kama mpira wa maji umekanyagwa mahali. Ukifunga bomba, presha unaona iko. Ukifungua, inatoka matone. Hiyo taa ya juu inakunywa kidogo, haisikii. Mashine na friji zinakunywa sana."

"Tutafute aliyekanyaga."

Walianza na waya nyekundu, ile inayotoka kwenye betri. Fyuzi ilikuwa safi. Viungo vilikuwa vimekazwa. Peterson aliisifu waya ile mpaka akachosha. Ilikuwa nene, ya zamani, ya wakati watu waliweka shaba ya kweli. Haikupoteza chochote. Saa nzima ilikwenda hapo, na mvua ya manyunyu ikaanza. Mkubwa alipiga simu kuuliza faili iko wapi, Ngendo akamwambia inakuja, akakata kabla hajaulizwa inakuja kutoka wapi.

Ilibaki waya nyeusi, ile mafundi wanayoiita athi, inayorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ilifungwa kwa boliti sakafuni, chini ya kitanda. Ngendo alipiga magoti, goti la kushoto likampigia kelele, akamulika kwa tochi ya simu. Peterson alinyoosha mikono akaweka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha bodi, mashine ikiwashwa.

"Hapa inafaa kusoma sufuri," alisema. Mita ilionyesha karibu mbili. Alishika kichwa cha waya, akaruka. "Imeshika moto! Madam, hii ndiyo hii. Volti zako ziko hapa."

Moffat alikuwa amerudi. Alitazama boliti, akatazama mfuko wake wa plastiki, akauchukua. Akaisogeza ile spana juu ya kichwa cha boliti bila kuigusa. Ilikuwa saizi yake.

"Madam," alisema kwa unyonge. "Basi aliilegeza. Harun aliilegeza."

Ngendo alikuwa ametumia mchana mzima kumtafutia mtu njia ya kutokea, na sasa alikuwa amemjengea ukuta mwingine. Hilo lingeeleza kila kitu, hata ile hadithi ya kubonyeza na kubonyeza. Mtu anayejua magari alegeze athi kidogo, aache mzigo ufanye kazi, kisha alie hospitalini. Faili ingekuwa nzito kuliko asubuhi, na sahihi ingekuwa yake.

Aliendelea kumulika kwa sababu kuinuka kulikuwa na maumivu zaidi kuliko kukaa pale.

"Imelegea?" aliuliza.

Peterson aliishika, akaitikisa. "Hapana. Imekazwa. Imekazwa hadi imepitiliza."

"Basi kwa nini inapata moto?"

"Hiyo sasa..."

"Ngoja. Usiguse." Ngendo alisogeza simu karibu. Kichwa cha boliti kilikuwa cha kijani. Rangi ilikuwa imekifunika chote, pembe zote sita, ikashuka hadi sakafuni bila ufa. "Moffat, lete jicho lako la ujana. Spana ikigeuza boliti iliyopakwa rangi, rangi inakuwaje?"

Moffat alilala kifudifudi sakafuni, suruali safi na yote. "Inabambuka. Pembeni."

"Imebambuka?"

"Haijabambuka, madam. Hakuna mtu ameigusa tangu ipakwe."

"Harun alilichukua gari lini?"

"Siku ya safari. Njoki alisema hivyo. Harun alilikuta liko tayari Tetu, limepakwa."

"Piga picha kwanza. Halafu Peterson, fungua."

Boliti ilifunguka kwa mlio, vipande vya rangi vikaruka. Peterson aliinua kichwa cha waya, na chini yake, mahali palipotakiwa kuwa na chuma kitupu kinachogusana na shaba, palikuwa na kijani kilekile, laini, kimepakwa vizuri, na alama ya duara ya waya imekaa juu yake. Rangi haipitishi umeme, hilo hata Ngendo alilijua. Umeme wote wa mashine ulikuwa umepitia hesi chache za boliti, ile mikato ya kukazia, zenye rangi nazo, na kadiri zilivyopata moto ndivyo zilivyozidi kuuzuia.

"Mafundi wa rangi wanapaka kuzunguka boliti," alisema Peterson, akikwaruza kwa kisu hadi chuma kikaonekana. "Huyu alitoa boliti yote, akapaka chini, akarudisha, akapaka tena juu. Hiyo ni kazi ya mtu hana haraka. Mimi sijawahi kuona."

Alikaza tena, shaba juu ya chuma. Ngendo akabonyeza kitufe. Fuu, fuu. Friji ikanguruma. Mashine iliendelea kuvuta pumzi, na hawakuizima kwa muda mrefu, ingawa hakuna aliyekuwa na haja nayo.

"Tafuta huyo mpaka rangi," Ngendo alimwambia Moffat, kisha akabadili mawazo. "Acha. Nitaenda Tetu mwenyewe."

Nyumba ya Mzee Gicheru ilikuwa chini ya kilima, chai ikiizunguka pande tatu. Watu wa matanga walikuwa wengi, wanawake wakimenya viazi kando ya sufuria kubwa, wanaume wakibishana juu ya hema. Njoki alimpokea Ngendo ukumbini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwalimu, kitambaa cheusi kichwani, uso umevimba kwa kulia.

"Amekubali?" aliuliza kabla ya salamu. "Harun amekubali kwamba alizima?"

"Kaa kwanza, mama. Niko na swali moja. Ile rangi ya gari, ulimpa fundi gani?"

Swali lilimshangaza, kisha, Ngendo akaona, likampumzisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kumuuliza kitu asichokuwa na uchungu nacho.

"Fundi? Sikupatia fundi. Nilipaka mimi."

"Wewe?"

"Mimi na hii mikono. Likizo yote. Baba alikuwa analetewa kiti hapo nje, anakaa ananiangalia, anasema nimeacha hapa, nimeacha pale. Ile kombaini yake ya Timau ilikuwa kijani, hivyo tu. Nilitafuta hiyo kijani Nyeri yote. Fundi wangepaka juu juu, kutu irudi mvua ikinyesha. Mimi nilitoa kila boliti. Kila moja! Nikapaka hata penye mtu hawezi kuona, nikarudisha, nikakaza sana, baba asije akasikia kitu ikicheza cheza huko njiani." Alikuwa karibu kutabasamu. "Aliingia akanusa, akasema ni kama gari imetoka dukani. Mbona unauliza?"

Ngendo alikuwa amepeleka habari mbaya katika nyumba nyingi, na alijua njia za kuzunguka. Angeweza kusema hitilafu ya umeme, akaishia hapo. Lakini ukweli ungeandikwa kwenye faili, na mwanamke huyu angeusikia kwa watu wengine, huku akiendelea kumwona Harun kuwa muuaji. Alimhurumia. Akamwambia. Alimwambia kwa Kikuyu, polepole, boliti na waya na kijani kilichokuwa katikati. Alimwambia kwamba Harun alibonyeza na kubonyeza.

Njoki alisikiliza hadi mwisho. "Rudia," alisema.

Ngendo akarudia.

Njoki aliinuka, akatoka nje, akapita katikati ya wanawake wa viazi bila kujibu waliomwita. Alifungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, akaingia, akajifungia.

Ngendo alimfuata akichechemea, akainama dirishani. "Njoki. Toka, mama."

"Nipeleke. Nilisema aliyemuua baba afungwe."

"Hakuna aliyemuua. Sheria haishiki mtu kwa kupaka rangi."

"Nilimwita muuaji mbele ya mama yake." Alikuwa ameweka mikono mapajani, wima kabisa, kama mtu aliye kanisani. "Mbele ya mama yake, pale hospitali. Na Harun alikuwa analia kuliko mimi."

Ngendo alitoa simu, akampigia Moffat hapo hapo, Njoki akisikia, akamwambia faili ya kuua imefungwa, amwandae Harun aende nyumbani. Moffat aliuliza amwambie nini. Ngendo alimwambia amwombe msamaha, na kama hajui namna, ajifunze kabla yeye na Njoki hawajafika.

"Tukifika?" Njoki aliuliza kutoka nyuma.

Ngendo alimtazama kupitia dirisha. Wanawake walikuwa wameacha viazi na kusimama, visu mikononi, wasijue kama binti wa marehemu anakamatwa.

"Washa gari," alisema Njoki. "Nataka akitoka anikute hapo mlangoni. Aniambie chochote anachotaka."

Ngendo aliingia, akafunga mkanda, akawasha gari, akaanza kuliteremsha polepole kwenye ile njia ya chai.